Kuitambua Shotgani ya Urithi na Kukadiria Umri Wake

Kabla ya jambo lolote, ichukulie bunduki hiyo kuwa ina risasi mpaka uthibitishe vinginevyo. Shotgani ya kukunjwa ifungue na utazame chemba zote, yaani matundu ya nyuma ya mitutu yanayoshika risasi. Gobori la kushindiliwa kwa mdomoni halifunguki nyuma, kwa hiyo tumbukiza ufito wa mbao hadi ukome, tia alama usawa wa mdomo wa mtutu, kisha ulaze ufito huo kwa nje. Ncha yake ikiishia mbali na mwisho wa mtutu, kuna kitu kimebaki ndani, na kazi ya kukitoa ni ya fundi bunduki. Uliza pia sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu silaha ya marehemu kabla hujaihamisha.

Hatua ya pili ni kujizuia. Usipige msasa wala kung'arisha, kwa kuwa mihuri mingi, yaani alama zinazopigwa kwenye chuma bunduki inapojaribiwa uimara, haina kina na hufutika upesi. Kitambaa chenye mafuta mepesi kinatosha.

Sasa bandua ubao wa mbele ulio chini ya mitutu, tenga mitutu na kitako, uigeuze. Sehemu bapa iliyo chini ya chemba ndiyo yenye habari. Mulika tochi kwa ubavu, mwanga uje mshazari, na herufi zilizolika zitajitokeza kwa vivuli vyake. Piga picha kila alama.

Bunduki ya Uingereza yenye maneno NOT FOR BALL (si ya risasi moja ya mviringo) ilipigwa muhuri kati ya 1875 na 1887, nayo ni alama ya mtutu uliobanwa mdomoni. Namba 12, yaani kipimo cha bunduki, juu ya herufi C, ndani ya umbo la almasi, ni ya kuanzia 1887. Ukiona na urefu wa chemba umeandikwa, uko 1925 au baadaye. Kwa Ubelgiji tafuta ELG, alama ya majaribio ya mji wa Liège, ndani ya duaradufu: taji juu yake liliongezwa 1893. Neno Belgium lililochongwa kwa Kiingereza kwa kawaida huashiria bidhaa iliyolengwa soko la Marekani baada ya sheria ya ushuru ya 1890. Bunduki za Marekani kwenyewe hutegemea namba ya kiwandani, ingawa kabla ya 1968 namba haikuwa lazima, hivyo kuikosa si ushahidi kwamba imefutwa.

Muhuri huonyesha kipindi cha majaribio tu, na mitutu mingine ilijaribiwa upya miongo mingi baadaye. Kwa hiyo ule wa kale zaidi ndio ulio karibu na mwaka wa kutengenezwa. Linganisha namba za mitutu, mwili na ubao wa mbele, maana zikitofautiana huenda umeshika bunduki mbili zilizounganishwa.

Jina la ubavuni mimi hulisoma mwisho. W. Richards, kwa mfano, lilichongwa kwenye bunduki nyingi za bei nafuu za Ubelgiji ili mnunuzi adhani ni Westley Richards wa Uingereza.

Hata ukishajua umri, usiifyatue. Mitutu yenye mistari ya mawimbi ilisukwa kwa chuma na feleji, na kutu iliyojificha kwenye maungio haionekani kwa macho. Isitoshe, chemba nyingi za zamani ni za inchi 2½: risasi ya leo ya inchi 2¾ huingia bila kukwama, lakini mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda.