Kihispania cha A-level: anzia kwenye Kiswahili chako

Hii ni kwa wadogo zangu mlioko Uingereza, mmemaliza GCSE (mitihani ya miaka 16) mkajitosa kwenye Kihispania cha A-level (ile miaka miwili kabla ya chuo), halafu wiki ya pili tu mshaanza kuulizia kama bado kuna nafasi kule biashara. Tulieni kwanza. Mi nilifika London na Kiswahili changu cha Tanga, na mwaka wa 12 wote nikaupoteza kwa kosa moja la kijinga, kila sentensi ya Kihispania lazima niipitishe kwenye Kiingereza ndo niielewe. Ya nini sasa, wakati njia ya mkato iko nyumbani?

Chukua subjuntivo, lile umbo la kitenzi la kutaka, kutamani au jambo ambalo bado halijatokea, ile inayowatoa watu jasho. Wenzangu darasani walikuwa wanaikariri kwenye vikadi, kumbe we unaitumia tangu unatambaa. Anasema, nataka aseme. Habla, quiero que hable. Umeona? a imegeuka e, kwisha habari (vitenzi vya -er na -ir vinafanya kinyume, come inakuwa coma). Ukiona kwa Kiswahili mdomo unataka kusema aje, wasome, tuondoke, basi mara nyingi na Kihispania kinataka subjuntivo hapo hapo. Na ile ki yetu nayo inasaidia: ukifika nipigie, cuando llegues llámame, usiandike llegarás hata siku moja. Ila angalia mtego, kama ukifika yako maana yake ni "kama utafika" basi ni si llegas, si ya namna hiyo haichukui llegues. Mtego mwingine ni wakati uliopita, sisi tunasema nilitaka uje na uje inabaki vile vile, wao wanageuza, quería que vinieras. Hapo sasa ndo pa kukesha, mengine usijichoshe.

Matamshi nayo umepewa bure. Irabu ni tano zile zile, ñ ni ny ya nyanya, z ya Madrid ni th ya thelathini, na j isome kama kh ya kheri, bibi yako angeipatia kuliko mwalimu. Kazi iko kwenye r: pero ni lakini, perro ni mbwa, pelo ni nywele, na kama kwenu r na l zinabadilishana viti basi jirekodi kwenye simu ujisikilize, aibu yako mwenyewe. Maneno pia yapo, meza na bendera tuliachiwa na Wareno ambao ni majirani zao (mesa, bandera), neno letu "hata" na "hasta" yao yote yametoka kwa Waarabu, na ojalá ni ndugu wa inshallah. Ojalá llueva, inshallah inyeshe. Subjuntivo tena hiyo.

Haya, mtihani. Nazungumzia AQA, moja ya bodi za mitihani za Uingereza, maana ndo niliofanya. Karatasi ya kwanza ni saa mbili na nusu, 50% ya maksi zote, kusikiliza na kusoma na kutafsiri, na ile sauti unaiendesha mwenyewe kwahiyo rudisha nyuma bila huruma. Karatasi ya pili saa mbili, insha mbili, kitabu na filamu, au vitabu viwili, na huingii nacho ndani, so kariri nukuu fupi fupi zinazoingia kwenye maswali mengi.

Ya tatu ni kuongea, 30%, na hapa ndo niliungua kwenye moko (mtihani wa majaribio). Kuna mradi wako binafsi wa utafiti, unaueleza dakika mbili halafu mnajadiliana dakika 9 mpaka 10. Mi nikachagua "utalii Uhispania". Mada pana kama bahari! Swali la tatu tu nikabaki naitikia sí, sí. Nikabadilisha nikaenda Guinea ya Ikweta, maana mradi unatakiwa uhusu nchi inayoongea Kihispania na wengi wanasahau kuwa Afrika ipo moja, ilipata uhuru kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968. Wafang na Wabubi wa kule lugha zao ni za Kibantu kama yetu. Swali langu likawa moja tu, kwa nini Kihispania kimebaki lugha ya shule na ofisi baada ya uhuru, na mtahini alipochimba nilikuwa na cha kusema kwa sababu nalinganisha na Kiingereza na Kiswahili nyumbani.

Kwahiyo chagua swali, sio mada. Likishakuwa swali, mpe mama au kaka akuulize "kwa nini" mara tano mfululizo, jibu kwa Kiswahili kwanza. Ukikwama ya pili, tafuta swali jingine mapema, usingoje Machi.