Saa ya mnyororo ya mzee: jinsi ya kujua imetoka wapi na ina umri gani kabla hujaipeleka kwa muuzaji

Nakaa na saa kutwa hapa Mji Mkongwe, na watu wa mjini na wa Pemba wananiletea saa za mfukoni, nyingi za urithi, mzee kafariki wamefungua sanduku wamekuta saa imezongwa kitambaa. Suali ni lile lile, fundi hii ya wapi na ya mwaka gani? Na wengi washajijibu wenyewe maana wameshasoma jina lililoandikwa usoni. Basi tuanzie hapo: jina la usoni mara nyingi ni la duka lililouza tu. Mashine inakwambia nani katengeneza, ganda linakwambia fedha au dhahabu ilipigwa muhuri wapi na lini. Vitatu hivo unavisoma mbali mbali, kisha ndo unavikutanisha.

Unahitaji lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, taa ya simu, kitambaa laini na karatasi ya kuandikia. Dawa ya meno weka mbali, na ile dawa ya kusugulia masinia ya shaba pia, mihuri ya fedha ni midogo kama punje ya mtama na ukisugua inafutika, na ikifutika ndo basi tena, umefuta cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 1: kuifungua bila kuiumiza

Angalia ubavuni kwanza kwa taa. Ukiona bawaba, mfuniko unafunguka kwa ukucha au kijisu butu, tafuta pahala penye kijimdomo kidogo. Huoni bawaba wala mdomo, basi huenda ni wa kuzungusha, vaa glavu ya mpira, bana viganjani uzungushe kinyume na akrabu, usitumie nguvu za kufungulia chupa ya asali. Saa nyengine za Kimarekani hazifunguki nyuma kabisa, unafungua kioo cha mbele, unavuta kichwa cha kutilia ufunguo juu na mashine yote inanyanyuka kwa bawaba yake, mtu asiyejua anang'ang'ania nyuma na kisu cha jikoni mpaka ganda linapinda.

Zile zenye mfuniko mbele unaofunika kioo, ukizifunga bonyeza kile kichwa kwanza, funga, kisha achia. Ukizipiga pa! pa! kwa raha ya mlio unakula lile jino linaloshika, ndo maana nyingi zinakuja hazifungi tena.

Nyuma aghlabu utakuta mifuniko miwili, wa nje na wa ndani. Fungua yote.

Hatua ya 2: soma mashine

Hapa kaa sana. Tafuta jina na namba kwenye mashine yenyewe, si kwenye ganda. Hizi namba mbili watu wanazichanganya kila siku, namba ya ganda ni ya mtengeneza ganda na haikusaidii kupata mwaka wa mashine. Kama ni Waltham au Elgin za Marekani umebahatika, kumbukumbu zao zipo na orodha za namba ziko bure intaneti: Waltham walifika namba milioni 1 mwaka 1877 hivi na milioni 10 kiasi cha 1901, Elgin walianza kutoa saa 1867, milioni 1 ni kama 1882 na milioni 10 kama 1903. Kwa hiyo namba peke yake inakuweka karibu na mwaka.

Hakuna jina? Usikate tamaa, za Uswisi nyingi hazina. Tafuta kile kijimshale kidogo cha kuharakisha na kupunguza mwendo, karibu na gurudumu linalocheza cheza. Kama pembeni pana herufi A na R hiyo ni Kifaransa (avance, retard, yaani haraka na pole), kwa hiyo Uswisi au Ufaransa. Kama ni F na S ni Kiingereza (fast, slow), Uingereza au Marekani, ila Waswisi wakiuza nje nao waliandika hivo hivo, kwa hiyo A na R nazipa uzito kuliko F na S.

Halafu inatiwaje ufunguo? Ikiwa ina tundu la kutia ufunguo wa pembeni ni ya zamani zaidi, lakini usikimbilie kusema miaka mia mbili. Kutia ufunguo kwa kichwa kulianza miaka ya 1840, Waswisi na Wamarekani wakakuchukua kwa wingi baadae, Waingereza wakang'ang'ania ufunguo mpaka karibu na 1900. Ukikuta ndani mnyororo mwembamba kama wa baiskeli ya sisimizi umezungushwa kwenye koni, hiyo ni mitambo ya zamani, na Waingereza ndo waliokaa nayo muda mrefu kuliko wote. Na kama saa ni nene kama andazi na juu ya lile gurudumu pana kifuniko kilichotobolewa nakshi za maua, angalia kimeshikwa vipi: mguu mmoja na skrubu moja ni Uingereza, masikio mawili na skrubu mbili ni Ufaransa au Uswisi.

Hatua ya 3: mihuri ya ganda

Lenzi jichoni. Ganda la Kiingereza la fedha lina simba anayetembea, pembeni alama ya mji, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, upanga na miganda mitatu ya ngano ni Chester, na herufi moja inayotaja mwaka. Herufi hiyo usiisome peke yake maana kila mji una mpangilio wake, tizama mji kwanza na umbo la fremu ya herufi. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia, ni alama ya kodi, ilipigwa 1784 mpaka 1890. Ganda lililoingizwa Uingereza kutoka nje, toka 1907 lilikuwa linapigwa mihuri yake mbali na halina simba.

Uswisi ni wanyama: dubu mmoja ni fedha 0.875 (yaani sehemu 875 katika elfu ni fedha safi), ndege wa porini 0.800, dubu watatu 0.935. Mihuri hii inatokana na sheria ya 1880, na dubu watatu wamekuja mwisho wa miaka hiyo ya themanini.

Marekani serikali haikupiga mihuri, kwa hiyo usitafute. Ila ukisoma ndani kwamba ganda lina gerenti ya miaka 20 au 25 jua hiyo si dhahabu tupu, ni ngozi ya dhahabu juu ya madini mengine, na maneno hayo ya miaka yalipigwa marufuku huko 1924. Silveroid, Alpaca, Argentan, zote hazina fedha hata chembe, muuzaji akikwambia "silva hiyo mzee" mwache aendelee kusifia.

Hatua ya 4: maandishi ya mfuniko wa ndani

Remontoir, Ancre, Cylindre, 15 Rubis, hayo si majina ya kampuni jamani, ni maelezo ya mtambo na idadi ya mawe madogo yaliyomo ndani ya mashine. Nimeshaona tangazo la simuni linasema "saa ya Remontoir, kampuni kubwa ya zamani". Medali nazo zinadanganya: ukiona Paris 1889 au Grand Prix Paris 1900 huo ni mwaka kampuni ilipopata tuzo, saa imetengenezwa baada yake, pengine baada ya muda mrefu tu.

Kitu ninachokipenda mie ni msalaba mdogo wa Uswisi wenye neno Brevet, yaani patenti (haki ya uvumbuzi), na namba. Patenti za Uswisi zimeanza Novemba 1888, kwa hiyo saa haiwezi kuwa kabla ya hapo. Na ukiona Swiss au Swiss Made chini ya uso, jua sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ndo iliyowalazimisha wenye viwanda kutaja nchi, kwa hiyo aghlabu ni ya baada.

Hatua ya 5: uso

Namba za Kiarabu usoni hazimaanishi saa imetengenezwa Arabuni. George Prior wa London alikuwa anatengeneza saa za soko la Kituruki, na baadae Billodes za Uswisi nao wakafanya hivo. Kwetu huku utakuta zaidi majina ya njia ya Bombay, West End Watch Co. na Favre-Leuba, saa ni za Uswisi, zimepita India zikashuka hapa kwa biashara.

Hatua ya 6: zikutanishe

Mfano wa kweli. Kijana wa Wete kaleta saa ya fedha, kwao wanasema babu wa babu kapewa na Sayyid Barghash mwenyewe. Usoni duka la Bombay, mashine ina A na R, ganda dubu watatu, na mfuniko wa ndani una msalaba na Brevet. Sayyid Barghash kafariki Machi 1888, patenti zimeanza Novemba. Haiwezekani. Nikamwambia labda kapewa na Sayyid Hamoud, alitawala 1896 mpaka 1902, au kainunua mwenyewe kwa pesa za karafuu, na hiyo nayo ni sifa. Hakufurahi, akasema bibi yake hawezi kusema uongo. Sikubishana nae, nikampa karatasi iliyoandikwa: Uswisi, imepitia Bombay, si kabla ya mwisho wa 1888, pengine kati ya 1890 na 1910.

Kanuni yenyewe ndo hiyo, kitu kichanga kuliko vyote ambacho hakijabadilishwa ndo kinachokata umri. Akrabu na vioo vinabadilishwa kila siku, hivo usivihesabu. Na kabla ya kufunga tizama ndani ya mfuniko wa nyuma kwa taa ya ubavu, mafundi wa zamani walikwaruza tarehe na alama zao kila walipoisafisha, hata kwa Kigujarati, hiyo inakupa mwaka ambao saa ilikuwa ishakuwepo. Piga picha kila muhuri, weka saa kwenye kopo kavu lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu maana upepo wa bahari wa huku unakula chuma, na usiitie ufunguo mpaka fundi aisafishe mafuta yaliyoganda.