Jinsi ya kuandika simulizi ya bibi bila kichwa chako kuongeza chumvi

Juzi nilikuwa namsaidia mdogo wangu kuandika simulizi ya bibi yetu wa Kalenga, kule Iringa, nikaona anapotelea palepale nilipopotelea mimi mwaka juzi, kwa hiyo naweka hapa hatua zote.

Hatua ya 1. Salimia kwanza, kamwene bibi, kaa, piga stori za shamba, afu ndo uombe ruhusa ya kurekodi. Simu yoyote inatosha, ila weka flaiti modi.

Hatua ya 2. Kabla hujaenda, andika pembeni unategemea atasema nini. Usiruke hii, utaihitaji huko chini.

Hatua ya 3. Uliza maswali yaliyo wazi: "Siku hiyo ilikuwaje, bibi?" afu nyamaza. Ukiuliza "watu walilia sana, eti?" ushamwekea kilio mdomoni. Mwaka 1974 huko Marekani wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya ajali ya magari, wengine wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadae wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia "kupondana", 16 kati ya 50 walisema ndio, wenzao 7 kati ya 50, na vioo havikuwepo kabisa. Neno moja tu hilo.

Hatua ya 4. Kuandika, na hapa ndo nilipoteza siku nzima. Bibi alinisimulia fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilivyorudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, Juni 1954, yeye akiwa binti mdogo. Nikarudi nyumbani nikaandika kwa kichwa kwa sababu nilijiamini, nilikuwa nimesikiliza vizuri. Nikaandika kwamba aliliona fuvu, wazee wakatoa machozi, baadae watu wakanywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Niliporudi kwenye rekodi, bibi anasema "niliona migongo ya watu tu, na baridi ilikuwa kali." Fuvu hakuliona. Machozi hakuyataja. Ulanzi ndo kabisa, unagemwa masika, Juni ni kiangazi na mianzi imekauka! Najua hilo tangu mtoto, lakini kichwani mwangu mkusanyiko wowote wa Iringa una ulanzi, basi kikajaza chenyewe. Fuvu nalo lilitoka darasani, maana Mkwawa tumefundishwa shule wote.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, aliliandika hili mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Marekani ya Kaskazini waisome, wakiisimulia tena mitumbwi inageuka maboti, uwindaji wa sili unageuka uvuvi. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kichwa kina umbo la kitu tayari, unapokumbuka kinakuletea hilo umbo pamoja na kilichotokea, na kwako vyote vinakuja na uhakika uleule, ndo maana kujiamini hakukusaidii kitu hapa.

Kwa hiyo andika ukiwa unasikiliza rekodi, sentensi moja, simamisha, andika, endelea. Tumia kaunta buku na biki mbili: ya bluu kwa maneno ya bibi kama yalivyo, Kihehe kikiwemo, nyekundu kwa maelezo yako. Mimi sipendi kabisa kuandika moja kwa moja kwenye simu, inakubadilishia maneno ya Kihehe yenyewe. Ukimaliza chukua ile karatasi ya hatua ya 2, na kila kitu kilichopo kwenye karatasi na kwenye daftari pia, kirudie kwenye rekodi uone kweli alikisema. Angalia na alichosema ambacho hukukitegemea, maana hicho ndo kinadondoka kwanza. Kwangu ilikuwa ni baridi, sikuiandika kabisa, na bibi aliitaja mara tatu.

Kama hukurekodi, andika usiku huohuo kabla hujamsimulia mtu yeyote.

Hatua ya 5. Rudi umsomee. Nenda asubuhi hajachoka, soma polepole, na akisema "hapana mjukuu wangu, siyo hivo", usimbishie, washa tena rekodi.