Kutumia loda ya mbele kwenye Massey Ferguson 135

MF 135 ilianza kutengenezwa 1964, na hadi leo nyingi zinalima mashambani kwetu. Ni trekta ya jembe, si ya kupakia kifusi. Ukiifunga loda ya mbele (mikono ya haidroliki yenye kijiko cha kuchotea), fuata mpangilio huu.

1. Uzito wa nyuma

Usiguse kijiko kabla ya kuweka uzito nyuma. Pipa la lita 200 lililojazwa zege huwa na takriban kilo 480, na linafaa. Breki za trekta hii ziko magurudumu ya nyuma tu. Kijiko kikiwa kizito na nyuma ikawa nyepesi, kwenye mteremko unakanyaga breki na trekta inaendelea kwenda. Maji ndani ya tairi za nyuma husaidia, ila hayatoshi peke yake.

2. Mbele

Piga grisi kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na pini ya katikati ya ekseli. Jaza upepo tairi za mbele hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

3. Kupata nguvu ya haidroliki

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima wakifungua pampu nzima isiyo na kosa.

Pampu ya MF 135 imo ndani, ndani ya oili ya gia, na huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu kwa mashine za nyuma. Livaa ya PTO ikiwa katikati, pampu imelala na kijiko hakipandi, hata injini ingunguruke namna gani. Ikiwa upande wa PTO ya magurudumu (inayozunguka kwa mwendo wa magurudumu), kijiko kitapanda trekta ikitembea tu. Iweke upande wa injini.

Kisha klachi. Trekta yenye klachi moja, kila ukikanyaga pedali pampu nayo husimama: huwezi kusimamisha trekta kwa klachi huku unainua. Toa gia, achia pedali, ndipo uinue. Yenye klachi mbili, kanyaga mpaka hatua ya kwanza tu. Ukizamisha pedali yote, pampu inakata.

Bado hakipandi? Pima oili. Silinda na mipira mipya ya oili humeza lita kadhaa, kwa hiyo inua na shusha mara chache, teremsha kijiko chini kabisa, upime, uongeze. Oili yenye povu inaonyesha pampu inavuta hewa. Oili rangi ya maziwa ina maji: imwage yote, usiongezee juu yake.

Kama loda imeunganishwa bila valvu ya kugawa njia, mikono ya nyuma hupanda kwanza, pamoja na lile pipa. Kwa kazi ya kila siku, pampu ya pekee inayoendeshwa na krenki upande wa mbele ni bora kuliko hii ya ndani. Inainua haraka na haijali klachi.

4. Kuchota

Gia ya kwanza, upande wa nguvu (wa polepole). Ingia moja kwa moja, kijiko kikiwa sambamba na ardhi, bila kugonga rundo kwa kasi. Mikono ya loda ikipinda hainyooki tena sawasawa. Loda nyingi za zamani huinua kwa haidroliki na kushuka kwa uzito wake, kwa hiyo kijiko hakiwezi kukandamiza ardhi ngumu. Legeza kwanza kwa sururu.

Kijiko cha robo mita ya ujazo kikijaa mchanga mbichi kinakaribia kilo 500. Chota nusu. Samadi kavu unaweza kujaza.

5. Kubeba

Kijiko kiwe chini, usawa wa goti. Kata kona trekta ikitembea. Kuzungusha stelingi ukiwa umesimama na mzigo huvunja meno ya boksi la stelingi. Inua juu ukishafika kwenye tela, mahali tambarare. Marobota ya mviringo usiyabebe kwa kijiko peke yake: huviringika juu ya mikono hadi kwa dereva, na trekta hizi nyingi hazina fremu ya kumkinga.

6. Kumaliza

Shusha kijiko hadi ardhini kabla ya kushuka. Ukitaka kukarabati chini ya mikono iliyoinuliwa, izuie kwa nguzo ya chuma, kwani mpira mmoja wa oili ukipasuka yote huanguka papo hapo. Uvujaji wa mafuta utafute kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja.