Somo: Jinsi ya kupanga likizo ya Iceland ukitokea Afrika Mashariki

Habari zenu nyote. Nimeenda Iceland mara mbili kutokea Dar, Februari na kisha Juni, na watu wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale, basi nayaweka yote hapa. Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usipange kukizunguka kisiwa kizima kwa siku sita. Safari ya kwanza nilipanga hivyo, dhoruba ikatufungia mji wa Vík, kusini, siku mbili, na hoteli nne zilizolipiwa mbele zikapotea moja baada ya nyingine. Kule hali ya hewa ndiyo mwenye nyumba. Punguza vituo, acha siku za akiba.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya tiketi

Mwishoni mwa Juni jua la Reykjavík, mji mkuu, linachomoza karibu saa tisa usiku na kuzama saa sita usiku. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu kutoka macheo, kule haina pa kushika. Nilikaa kibarazani saa tano usiku nikisoma bila taa, jirani anakata majani ya bustani yake. Desemba ni kinyume: jua linatoka saa tano na ushee asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama.

Kwa hiyo amua unataka nini. Nuru ya kaskazini, ile mianga ya kijani inayocheza angani, inaonekana kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Aprili. Ukienda Juni hutaiona, usidanganywe na picha. Lakini Juni barabara ziko wazi na mchana hauishi. Kwa safari ya kwanza mimi ningechagua Septemba mwanzoni: giza limerudi, theluji bado.

Hatua ya 2: Viza

Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2001. Viza ni ileile ya Schengen: ada euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyefikisha 12, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi lipelekwe mapema, kuanzia miezi 6 kabla, na si chini ya siku 15. Sehemu nyingi duniani maombi hupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen kwa niaba ya Iceland. Tazama tovuti ya serikali yao, island.is, ujue ni ubalozi upi kwako, kabla hujampa wakala yeyote hela. Na malazi ya kuambatisha kwenye ombi yawe yale yanayoweza kufutwa bila kukatwa.

Hatua ya 3: Ramani ya siku 7

Barabara kuu namba 1 inazunguka kisiwa kwa takriban kilomita 1,300. Mwenye siku 10 au zaidi aizunguke. Mwenye siku 7 abaki kusini, na wala hatapungukiwa kitu.

Uwanja wa ndege wa Keflavík uko kilomita 50 hivi kutoka Reykjavík, na mabasi yapo. Lala mjini siku tatu za kwanza. Siku moja nenda Þingvellir, ambako Bunge lao lilianza mwaka 930, likikutana nje, kwenye miamba. Hapo unatembea ndani ya ufa kati ya mabamba, vile vipande vikubwa vya gamba la dunia: bamba la Amerika Kaskazini upande mmoja, la Ulaya na Asia upande mwingine, na yanaachana kama sentimita 2 kwa mwaka. Mtu aliyekulia kando ya Bonde la Ufa anajiona yuko nyumbani. Wakenya wengi wanaochimba mvuke wa ardhini kule Olkaria kwa ajili ya umeme walipata mafunzo yao Iceland, na ukisimama pale hushangai kwa nini.

Ukiendelea unafika Geysir, ambako chemchemi ya Strokkur inarusha maji ya moto juu kila baada ya dakika 5 hadi 10. Kabla haijaruka, maji yanavimba kama jicho la buluu. Tazama hilo jicho, usishughulike na simu. Njiani pita Laugarvatn. Kando ya ziwa wanafukia masufuria ya unga wa shayiri nyeusi (rye) uliokandwa kwenye mchanga unaochemka, wanayaacha saa 24. Yule kijana alichimba kwa koleo, akasuuza sufuria ziwani, akakata mkate mweusi, mtamu, unaofuka mvuke, akaupaka siagi ikayeyuka palepale. Kati ya vyote nilivyokula Iceland, huo ndio niliouota baadaye.

Siku nne zilizobaki elekea mashariki: maporomoko ya Seljalandsfoss, ambayo unaweza kupita nyuma yake, Skógafoss, mji wa Vík, kisha ziwa la Jökulsárlón, kilomita 370 hivi kutoka Reykjavík, ambako mapande yaliyomeguka kutoka barafuto kubwa la Vatnajökull yanaelea kwenda baharini. Ufuo wa mchanga mweusi wa Reynisfjara ni mzuri sana na umeua watu. Bahari inatulia, inatulia, halafu linakuja wimbi moja refu linalozoa waliosimama mbali. Usiipe bahari mgongo. Zile taa za onyo pale ni za kutii, hata wengine wakizipita.

Hatua ya 4: Gari

Hapa ndipo pesa na usalama vinapokutana, soma polepole. Wanaendesha kulia. Kwa sisi tuliozoea kushoto, hatari kubwa haiko barabara kuu, iko pale unapotoka kituo cha mafuta umechoka. Taa zinawashwa usiku na mchana. Mwendo ni kilomita 90 kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mjini. Madaraja mengi ni ya gari moja: aliyewahi ndiye anayepita. Barabara zenye herufi F ni za nyanda za juu, hufunguliwa kiangazi tu, na lazima gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Kutoka nje ya barabara ni kosa la jinai, kwani kuvumwani, ile mimea laini inayotandaa juu ya ardhi na mawe, ikishakanyagwa na tairi huchukua miongo kupona.

Halafu upepo. Nilipofika Skógar nilifungua mlango kwa mkono mmoja, upepo ukaupokonya, nikasikia chuma kinalia. Bawaba ikapinda, na bima niliyokata haikuhusu mlango uliong'olewa na upepo. Nililipa mwenyewe. Tangu hapo naegesha pua ya gari ikiuelekea upepo na kushika mlango kwa mikono miwili. Waulize pia kuhusu bima ya mchanga na majivu, mara nyingi inauzwa peke yake.

Kila asubuhi fungua vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa barabara. Upepo wanauandika kwa mita kwa sekunde: 20 ni sawa na kilomita 72 kwa saa. Ukiona namba hiyo, kaa ndani unywe chai. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 5: Nguo na chakula

Sufu ndani, koti lisilopenya maji wala upepo nje, buti. Mwavuli acha nyumbani. Chakula cha hotelini ni ghali sana. Nunua vyakula kwenye maduka ya Bónus au Krónan upike mwenyewe. Maji ya bomba ya baridi ni safi kabisa, ya moto yananuka kama yai viza kwa sababu yanatoka ardhini, usiogope kuyaoga. Fedha taslimu huhitaji, beba kadi yenye namba ya siri.

MASWALI

*Asante kwa somo dada. Mimi niko Muscat, tunakuja na familia. Chakula cha Waislamu itakuwaje?*

Karibuni sana kaka. Jihadharini na soseji ya mtaani wanayoiita pylsa, kila mtu atawapa sifa zake, lakini ndani yake mna nguruwe pamoja na kondoo na ng'ombe. Samaki ndiye mkombozi. Ulizeni plokkfiskur, samaki aliyepondwa na viazi, watoto wataupenda.

*Mwanangu, nina miaka 63 na magoti yananisumbua. Hayo mabwawa ya moto nayaweza? Nasikia watu wanaoga uchi.*

Shikamoo mama. Unayaweza, na magoti yatashukuru. Kila mji una bwawa la umma, na vibeseni vya pembeni vina maji ya nyuzi 38 hadi 42. Ndani ya bwawa watu wanavaa nguo za kuogelea. Ni kabla ya kuingia ndipo unaoga kwa sabuni bila nguo, wanawake kwa wanawake, maana maji hayatiwi dawa nyingi. Sehemu kadhaa zina vyumba vyenye pazia, uliza mlangoni bila kuona haya.

*Hayo majina tunayatamkaje?*

Sisi tumebahatika. Þ ni "th" ya thelathini, ð ni "dh" ya dhahabu. Na majina yao ya watu yatakuwa mepesi kwa mtu wa Pwani: Jónsson ni bin Jón, Jónsdóttir ni binti Jón. Huitana kwa jina la kwanza, hata rais.

*Ni kweli hakuna mbu?*

Ilikuwa kweli hadi Oktoba 2025, walipopatikana watatu. Malaria haipo. Ila ziwa Mývatn lina visubi vingi kiangazi, beba wavu wa uso.

*Niko Goma. Mwaka 2021 tulikimbia Nyiragongo usiku. Kwenda kutembelea volkeno kwa furaha, mimi bado sielewi. Hawaogopi?*

Pole sana, ndugu yangu. Wanaogopa. Kwenye rasi ya Reykjanes ardhi ilipasuka na kutoa lava mara 12 kati ya Machi 2021 na Agosti 2025. Mji wa Grindavík uliondolewa watu usiku wa tarehe 10 Novemba 2023, na Januari 2024 lava ikachoma nyumba tatu. Tofauti kubwa ni vipimo: ardhi inapoanza kuvimba wanaona mapema, na ujumbe unaingia kwenye simu ya kila mtu aliye eneo hilo. Kwa wageni wengine: msisogelee nyufa, msikanyage lava mpya hata ikionekana imepoa, na mkipita Grindavík msichungulie madirishani. Kuna vikombe bado viko mezani mle ndani.