Tiketi ya jimbo jingine hukufuata hadi nyumbani
Ndugu zangu mnaoendesha Marekani, ukikamatwa kwa mwendo kasi Indiana na leseni yako ni ya Ohio, usiiache ile karatasi ya kosa (tiketi) kwenye dashibodi ukidhani kesi imeishia mpakani. Majimbo mengi yana mkataba wa kupashana habari za makosa ya madereva. Ukipuuza, jimbo lako linaweza kusimamisha leseni yako.

Tena, kulipa faini ni sawa na kukiri kosa. Kabla hujalipa, tafuta kwenye tiketi namba ya mahakama, piga, uliza kama kuna darasa la udereva la kukuepusha na pointi, yaani alama za makosa zinazowekwa kwenye rekodi yako ya udereva. Wenye leseni za malori, darasa hilo haliwasaidii. Na wewe mwenye leseni hiyo ya lori, ukishatiwa hatiani, mjulishe mwajiri ndani ya siku 30, hata kama ulikuwa na gari lako dogo.