Somo: Kurekebisha hati ya madai wakati kesi imeshafika mbali

Naandika mara moja, anayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia kesi za madai katika nchi zinazofuata utaratibu wa mahakama uliotoka Uingereza. Namba za kanuni hutofautiana, kwa hiyo fungua kanuni za mahakama yako.

1. Soma hati yako upya. Kosa la herufi lisilompotosha mtu halistahili maombi.

2. Tazama kesi imefika wapi. Kabla ya usikilizwaji, milango iko wazi: katika Eastern Bakery v Castelino (1958), Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema marekebisho yaruhusiwe bila ugumu ikiwa upande wa pili haudhulumiwi, na hakuna dhuluma kama hasara yake inafidiwa kwa gharama. Shahidi akishapanda kizimbani, mzigo wako unaongezeka.

3. Pima ukomo wa muda, yaani muda ambao sheria inakupa kuleta dai. Tangu Weldon v Neal (1887), kuingiza dai lililopitwa na muda kwa mlango wa marekebisho hukataliwa, kwani mdaiwa ananyang'anywa kinga yake. Kanuni nyingi za leo hulegeza pale dai jipya linapotokana na mambo yaleyale ya awali.

4. Andaa maombi, kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoyaapia) na rasimu ya hati iliyorekebishwa.

5. Eleza kuchelewa. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Kiapo kinasema "kwa bahati mbaya jambo hili halikuonekana" halafu basi. Jaji anataka tarehe: ulijua lini, ulifanya nini siku hiyo, mbona umekuja leo? Mawakili hukimbilia Cropper v Smith (1884), kwamba kazi ya mahakama si kuadhibu makosa ya wadaawa (pande za kesi). Kweli, lakini soma na Aon v ANU (2009) ya Australia: maombi yaliletwa siku ya tatu ya usikilizwaji uliopangiwa wiki nne, Mahakama Kuu ya huko, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ikakataa kwamba kulipa gharama kunaponya kila kitu. India nayo, tangu 2002, usikilizwaji ukianza lazima uonyeshe kuwa hata kwa bidii ya kutosha usingeweza kulileta jambo hilo mapema. Tahadhari: usimtupie lawama wakili wa zamani bila kusema wewe ulikuwa wapi. Na usiape kwamba nyaraka "imepatikana juzi" wakati imo kwenye viambatisho vyako.

6. Ukiruhusiwa, wasilisha ndani ya muda uliopewa, bila kuchomeka jambo ambalo hukuliombea ruhusa.

MASWALI

Mwenda Mbio: Kwa hiyo naweza kurekebisha muda wowote?
— Hatua ya 2.

Mwenda Mbio: Nilikuwa bize tu, hiyo sababu haitoshi?
— Haitoshi.

Mwenda Mbio: Mbona mkali hivyo mkuu?
— Jaji atakuwa mkali zaidi, na atakutoza gharama. Mimi nimekujibu bure.

Chipukizi: Shikamoo wakili. Shahidi wao mwenyewe, akihojiwa na sisi, kakiri aliyesaini mkataba hakuwa na mamlaka. Hatukulidai hilo. Tumechelewa?
— Marahaba. Swali zuri sana, na uko mahali pazuri. Tarehe ya wewe kujua imo kwenye mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani), hakuna wa kuibishia. Omba nakala ya mwenendo, taja ukurasa kwenye kiapo, wasilisha haraka kabla shahidi mwingine hajaitwa. Jitolee shahidi huyo aitwe tena wamhoji upya, na gharama za siku hiyo zikuangukie. Ila kwanza kagua hati yako: kama uliandika kwamba mkataba ni halali, unafuta ulichokiri, na hapo ruhusa ni ngumu kuliko kuongeza jambo jipya.

Chipukizi: Asante sana. Hilo la kukiri sikuliwaza.

Karani Mstaafu: Nyongeza kwenye rasimu. Msionyeshe mabadiliko kwa rangi peke yake, fotokopi nyeusi inaimeza. Maneno mapya yapigiwe mstari chini, ya zamani yakatwe katikati yaendelee kusomeka.
— Mzee kasema. Ila kuna mahakama zinazodai wino mwekundu. Hapo weka vyote viwili.